Godoro la Chumba cha Nyuma

Usiniambie hujui. Unapita mbele ya lango letu kila asubuhi, unaziba pua kwa harufu ya gundi, kisha unageuza uso kana kwamba upande wa pili wa barabara kuna la maana. Nimekuona. Uligeuka hivyo hivyo siku fundi wa rangi alipotolewa amepofuka, na siku yule mama wa kusugua faibaglasi alipoanza kukohoa damu. Ulisema masikini, ukaenda zako. Basi leo hugeuki. Simama nikueleze habari za shemeji yangu.

Tulimwita Sindano kwa wembamba wake. Alikuwa mume wa mdogo wangu, na sote watatu tulifanya kazi karakana moja, ya boti za matanga za starehe. Maganda ya boti hizo hutoka kwenye kalibu moja, yote sawa kama mayai, ila ndani mnunuzi hupangiwa anavyotaka: jiko hapa, kabati pale. Sebule imeinuliwa juu, ina madirisha mapana pande zote, ili tajiri akae kwenye kochi na kikombe chake aone bahari bila upepo kumgusa. Wanunuzi wa boti ile, mume na mke waliostaafu, walitaka tangi la maji kubwa kuliko kawaida, maana bibi anapenda kuoga. Likawekwa chini ya kitanda cha chumba cha nyuma. Pembeni yake likabaki pengo la mtu mmoja, tena akubali kupita kama nyoka. Nani atapaka gundi humo? Sindano.

"Mungu aliponinyima nyama," alituambia, "alijua kuna siku tajiri atataka kuoga."

Sasa uelewe desturi yetu, maana ndiyo iliyomuua. Mgeni akipanda botini, mfanyakazi aliyeko ndani ya mashimo hatoki. Akitoka atakanyaga vanishi na mabuti ya gundi, na mgeni ataona kwamba boti yake inatengenezwa na watu. Kwa hiyo hubaki alipo. Hagongi, hakohoi, mpaka mgeni ashuke. Wenyewe tunaita kujibanza. Tuliifanyia utani, mwisho tukaigeuza sifa. Sindano aliwahi kujibanza wageni wakala chakula chote cha mchana juu ya kichwa chake, akatoka anatusimulia mke alimsuta mumewe kwa lipi. Tukampigia makofi. Ndivyo wanavyotufuga, wanatutupia aibu nasi tunaivaa kama nishani.

Siku hiyo mkaguzi alifika mapema kuliko alivyosema. Alitumwa na wanunuzi aipime boti kabla hawajaipokea. Mtu mpole, mvi zimechanwa vizuri, alivua viatu mwenyewe bila kuambiwa. Meneja akamchelewesha kwa maneno matamu huku nyapara wetu akikimbilia chumba cha nyuma. Bomba la feni lililompelekea Sindano hewa lilikuwa limelala katikati ya sakafu, sura mbaya. Nyapara akalivuta, akazima feni, akarudisha kifuniko cha mbao cha kitanda, akakikaza kwa skrubu kisilie mkaguzi akikaa, akatupia godoro juu. Sindano alisikia skrubu zikikazwa. Desturi aliijua. Akajibanza.

Mimi nilikuwa nje kwenye jukwaa ubavuni mwa boti, nafuta vioo vya sebule. Mdogo wangu, fundi wa matakia, alikuwa ndani, kawekwa tayari na mkasi wake endapo takia litahitaji kurekebishwa. Alipoliona godoro limetandikwa akajua mumewe ameshatoka. Nani atamtandikia mtu godoro juu ya kichwa?

Mkaguzi hakuwa na haraka. Alisimama wima kila kona aone kama kichwa kitagusa dari. Alishika kila kishikio, akajiyumbisha kama yuko mawimbini. Akakaa sebuleni, akanielekezea macho kupitia kioo, akasifu mandhari. Akapiga magoti kwenye injini. Akauliza harufu ile kali ni ya nini, na meneja akamwambia boti mpya ni kama gari jipya, lazima inukie. Mwisho akaenda chumba cha nyuma, akalala chali juu ya godoro, akafumba macho. Akaeleza kwamba starehe ya boti hupimwa kwa sikio, maana mtu aliyechoshwa na bahari anataka usingizi, na mbao zikilia hapati. Akaomba watu wanyamaze.

Wakanyamaza. Ndipo kukasikika kugonga, mara mbili, kwa unyonge, kutoka chini.

Mkaguzi akauliza ni nini hicho. Meneja hata hakupepesa macho: maji hayo, yanatembea ndani ya tangi.

Tangi halijawahi kutiwa maji. Mdogo wangu alilijua hilo, kila mtu karakana nzima alilijua.

"Mzee, inuka," alisema. "Tangi ni kavu. Huyo unayemlalia ni mume wangu."

Meneja alicheka, akamnong'oneza mgeni kwamba mama huyu ana matatizo ya nyumbani. Na mkaguzi, sikiliza vizuri hapa, hakuinuka. Alimtazama meneja kwanza. Alitaka aambiwe na mwenye tai. Mdogo wangu akashika pembe ya godoro akalipindua na mtu wake juu. Niliposikia kishindo nikaruka kutoka jukwaani, nikaingia na mabuti yangu juu ya vanishi. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwa nyapara, na nyapara alikuwa ameenda kunywa chai. Mdogo wangu akafungua skrubu kwa ncha ya mkasi, ncha ikavunjika, akaendelea na kilichobaki.

Harufu iliyotoka ilituchoma macho. Sindano alikuwa amejikunja, ngumi imeegemea mbao. Tukamvuta kwa makwapa, mwepesi kama alivyokuwa siku zote, tukamlaza kwenye kochi la sebule palipo na mwanga. Mdogo wangu akampulizia pumzi mdomoni, akimwita kwa jina ambalo sisi wengine hatukulijua. Hakurudi.

Wenye karakana walisema aliingia mle bila ruhusa. Mkaguzi alilia, kweli alilia, kisha akavaa viatu, na hakuna aliyemsikia tena akilitaja jambo hilo. Mdogo wangu aliamriwa abadilishe kitambaa cha lile kochi. Akakataa, wakamfukuza. Mimi walinifukuza kwa kuharibu vanishi. Boti ilichukuliwa, na meneja mpaka leo huwatajia wateja jinsi chumba cha nyuma kilivyosifiwa kwa utulivu.

Tangi kubwa limependwa na wanunuzi wengine. Ganda jingine la kalibu ile ile liko pale ndani, na mgeni aliyevaa vizuri ameingia langoni hivi punde, wewe mwenyewe umempisha. Sikiliza. Feni imezimwa. Wameajiri mwembamba mwingine, simjui jina, lakini najua alipo. Mlinzi yuko mmoja na sisi hapa njiani ni wengi. Pole yako sina pa kuiweka. Shika upande huu wa geti, waite na hao wa nyuma yako, tusukume. Sasa hivi.