Pipa Lililorudi Limejaa

Tangu arudi kwenye semina ya Arusha, Marsela alikuwa akiviota vinasaba. Mwalimu wa semina aliwaeleza wenye vituo vya mafuta kwamba mafuta yaliyolipiwa kodi hutiwa vinasaba, yaani dawa ya alama, ghalani kabla ya kupakiwa kwenye malori. Yale ya miradi iliyosamehewa kodi hayatiwi, na atakayekutwa akiyauza anafungiwa kituo na kupelekwa mahakamani. Vinasaba havionekani, alisema, wala havinuki. Mtu mzima kuambiwa aogope kitu kisichoonekana! Basi Marsela akavipa rangi mwenyewe. Ndotoni vilikuwa vya buluu, vikipanda taratibu kutoka kwenye matangi na kutanda juu ya Karatu nzima, naye akitembea katikati yake peku, bila kujua aendako.

Asubuhi ile ukungu ulishuka kweli kutoka msitu wa Ngorongoro. Pampu mbili alizoachiwa na marehemu mumewe, Sylvesta, zilionekana kama watu wawili wanaosubiri kuitwa. Akatokea binti mmoja amebeba kisanduku.

"Shikamoo mama. Naitwa Nasrin, mkaguzi wa mafuta kutoka Arusha."

"Marahaba mwanangu. Karibu chai kwanza."

"Nikishapima, mama."

Nasrin alichota dizeli kwenye chupa, akatia matone yake kwenye kile kisanduku cha kupimia, akasubiri. Marsela aliitazama ile chupa. Dizeli ilikuwa na rangi ya asali ya nyuki wadogo, imetulia, inapendeza, na kwa kuitazama akasahau kabisa kwamba anakaguliwa. Alikuwa akimwona Sylvesta akichimba shimo la tangi kwa sururu, miaka ishirini iliyopita, anaimba huku vumbi jekundu limemjaa hadi kwenye kope. Alitamani kumpelekea maji ya kunywa.

"Mama," Nasrin aliita, kwa sauti ya chini. "Vinasaba havitoshi. Humu mmechanganywa mafuta ya msamaha wa kodi. Yametoka wapi?"

Usingizi wote ukamtoka. Alijua yalikotoka.

Wakati wa mvua kubwa, Tobiko wa Malambo, dereva wa greda kwenye mradi wa barabara, alikuja kituoni amelowa chapachapa. Lori la mafuta la mradi lilikuwa limekwama mlimani juu ya Mto wa Mbu, kazi imesimama, akaomba aazimwe pipa moja tu la dizeli. Marsela akampa, bila hata kuandikishana. Wiki mbili baadaye pipa likarudi limejaa hadi mdomoni. Nani angeshangaa? Mama yake Marsela, Mwiraqw wa Mbulu, hakuwahi kurudisha kibuyu cha jirani bila kutia konzi ya ulezi ndani. Mama yake Tobiko, kule Malambo, alikuwa hivyo hivyo kwa maziwa. Chombo kimetoka na kitu, kinarudi na kitu, na anayepokea hachungulii wala haulizi, maana kuuliza ni kumtukana aliyeleta. Marsela hakuuliza. Alimimina tangini huku moyo wake umejaa furaha, na semina nzima, pamoja na soda zake na sambusa zake, haikumjia kichwani hata kidogo.

"Nani aliyaleta?" Nasrin aliuliza. "Nikiandika jina lake, mzigo wako utapungua. Yeye ndiye atakayejibu kwa nini mafuta ya mradi yametoka nje ya mradi."

Marsela aliogopa, tena sana. Kituo kile ndicho kitu pekee cha Sylvesta alichokuwa bado anaweza kukishika. Lakini jina liligoma kutoka.

"Nilimimina mwenyewe. Niandike mimi."

Akasaini. Nasrin akazungushia pampu utepe, akabandika karatasi ya kukifunga kituo, yenye kosa na ofisi ya kujibia. "Nipo ofisi ya wilaya hadi kesho mchana," alisema. "Ukilikumbuka jina, njoo." Chai aliinywa akiwa amesimama, macho chini.

Kesho yake ukungu ulikuwa mzito zaidi, na Tobiko akaibuka humo na shuka lake, ameshika kibuyu.

"Shikamoo, yeyo," alisema, akimwita mama kwa Kimaasai. "Mama amekuletea maziwa. Na naomba lile pipa tena, nipeleke maji kwa ndama."

"Lichukue. Ila safari hii ulirudishe tupu."

Tobiko akacheka. Nani husema maneno kama hayo? Kisha akauona utepe. Akaisogelea karatasi, akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, na kicheko kikamwishia mdomoni.

"Ni yale niliyoleta mimi?"

"Nimeshasaini. Nenda zako."

"Nilidhani dizeli ni dizeli, yeyo."

"Hata mimi."

Tobiko hakuligusa pipa. Aligeuka akashika njia ya ofisi ya wilaya kwa miguu. Marsela alimwita mara mbili, na ukungu ukamficha.

Alibaki amekasirika. Alimkasirikia Tobiko, akajikasirikia mwenyewe, akaikasirikia Arusha na semina zake. Akamimina maziwa sufuriani, akakisuuza kibuyu. Kilikuwa chepesi mno mkononi, hakuweza kukivumilia. Akaingia stoo, akatia konzi mbili za maharage ya ngwara, akakifunga, akajitupia khanga begani na kupanda kilima kwenda ofisi ya wilaya, anahema, miaka yake sitini yote ikimlalamikia magotini.

Tobiko alikuwa kwenye benchi nje ya mlango wa Nasrin. Marsela aliketi kando yake, akamwekea kibuyu mapajani. Tobiko alikishika kwa mikono miwili, hakuchungulia ndani.

Mlango ukafunguliwa. Nasrin akauliza ni nani mwenye kesi ya mafuta, na wote wawili wakasimama.