Siku Walipopiga Deki

Kwetu Chocó, huku Kolombia, mvua hainyeshi, inaishi. Kwa hiyo dada yangu Edelmira, mwalimu wa sayansi, alipoletewa vile vigololi viwili vyepesi vya kuning'inia kwenye nyuzi za hariri, nilimcheka. Ukisugua fimbo ya plastiki kwa sufu na kuvigusa, vinatakiwa visukumane vyenyewe. Kwa hewa yetu mbichi umeme wote ulipotelea kwenye unyevu, navyo vikatulia vimegusana.

Lakini dada ni king'ang'anizi. Mkaguzi alikuwa anakuja: jaribio likifanikiwa, shule ingefunguliwa kidato cha sayansi; likishindwa, vifaa vingerudi mjini. Yurleidy, wa kwanza darasani, alishamtangazia kila mtu kwamba atakuwa mhandisi. Mjini mama yake asingeweza kumpeleka.

Alfajiri tulifunga madirisha, tukawasha majiko ya mkaa darasani kukausha hewa, tukaacha mlango tu wazi. Jua lilipopanda vigololi vikaachana. Dada alilia, nami nikalia. Kisha tukateremka gatini kumpokea mkaguzi.

Nyuma yetu wakaingia akina mama na ndoo zao. Kwetu kumpokea mgeni kwenye sakafu chafu ni aibu ya mji mzima. Wakatoa majiko nje, wakafungua madirisha, wakapiga deki kwa maji ya mchaichai. Hata vigololi wakavipangusa kwa kitambaa kibichi.

Tuliporudi na mkaguzi, dada alisugua fimbo, akavigusa. Akasugua tena hadi jasho likamtoka.

"Mwalimu," mkaguzi akasema, "mbona hivi vinapendana?"

Watoto wakaangua kicheko. Jioni boti likaondoka na sanduku la vifaa.

Benilda, mama yake Yurleidy, akaja na aproni yake bado mbichi. "Mwalimu wangu, kwani tumekosea wapi?"

Nilifungua mdomo. Dada akanifinya.

"Hamjakosea kitu, mama. Vyombo vibovu."

"Si nilisema! Hao wa mjini wanatuletea takataka zao. Ila sakafu ilipendeza, au siyo?"

"Ilipendeza mno."

Maji yakimwagika hayazoleki, najua, lakini roho inaniuma mpaka leo. Yurleidy yuko mtoni na beseni lake, anachekecha dhahabu ya watu. Na kila shule inapofunguliwa mama yake ndiye wa kwanza kufika na ndoo, na dada humshukuru.