Bibi Hasomi Rasimu

Nyumbani kwetu hakuna mtu anayesubiri mwenzake amalize kuongea. Mama anaanza sentensi, mama mdogo anaimalizia, halafu wanabishana nani aliyeianzisha. Sebule yetu ndiyo karakana ya ushonaji: cherehani zimepangwa dirishani, meza ya kukatia iko katikati, na vitambaa viko kila mahali ambapo mtu angependa kukaa. Nimekulia humo nikidhani dunia nzima inaongea hivyo. Nilipofika chuo nikakuta watu wananyoosha mkono kabla ya kusema, nikajua kumbe sisi ndio wenye matatizo.

Kinara wa kelele zote hizo alikuwa Bibi, mama yake Mama. Kabla ya kustaafu alikuwa mpiga chapa ofisini, na inasemekana alichapa barua za wakubwa huku akizikosoa kwa sauti. Utani wake ungeweza kumchekesha mtu mwenye jino bovu. Kisha masikio yakaanza kumwishia, kidogo kidogo. Vile vifaa vya kuvaa sikioni alivyopewa hospitali vilimletea kelele tupu, akavifungia kwenye droo. Tangu hapo, tukicheka, Bibi anatutazama nyuso kwanza, ndipo naye anacheka. Anachelewa kidogo tu, lakini mimi nilikuwa naona, na kila nilipoona niliumia.

Mwanzoni mwa mwaka wangu wa mwisho wa sayansi ya kompyuta, alitangaza kwamba anahamia kwa dada yake, anayeishi peke yake mahali patulivu.

"Kule hakuna anayeongea," alisema, "kwa hiyo hakuna nitakachokosa."

Alikusudia utani. Hakuna aliyecheka, naye akatupitia nyuso mmoja mmoja akaliona hilo.

Basi nikachagua mradi wangu siku hiyohiyo. Nitatengeneza programu inayosikiliza watu wakiongea na kuyaandika maneno yao kwenye skrini papo hapo, kwa herufi kubwa, ili Bibi asome. Sikutaka programu ya kumsikiliza mtu mmoja mstaarabu. Hizo zipo, na nilipozileta nyumbani zilipagawa zikaandika upuuzi mtupu. Nilitaka programu ya watu wa kwetu, wanaodakiana maneno.

Nilimwandikia Bibi haya yote kwenye karatasi. Akasoma, akarekebisha koma mbili, akanijibu kwa masharti.

"Nitakaa mpaka siku ya mtihani wako, Profesa." Profesa ni jina alilonipa nikiwa chekechea, na lilikuwa dhihaka. "Mashine yako ikiweza, nabaki. Isipoweza, unisaidie kubeba begi."

Baada ya hapo, kila nilipotaka kumwonyesha kazi ilipofikia, alinipungia mkono nimwondokee.

"Mimi sisomi rasimu. Nimechapa rasimu za watu maisha yangu yote. Niletee nakala safi."

Kompyuta haifundishwi kwa kuelezwa, inafundishwa kwa mifano, na mifano nilikuwa nayo ya kumwaga. Niliweka kipaza sauti juu ya meza ya kukatia nikarekodi mchana kutwa, wiki baada ya wiki. Programu yangu ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza niliiita Bawabu: kazi yake ni kuamua kama kuna mtu anaongea au hakuna. Ya pili niliiita Karani: Bawabu akifungua mlango, Karani anaandika. Kumfundisha Karani kulinitoa jasho, maana ilibidi niyasikilize upya mabishano yote ya mama zangu na kuyaandika neno kwa neno. Bawabu alikuwa rahisi. Rekodi za mchana, kazi imepamba moto, nilizipa alama ya "wanaongea." Rekodi za baada ya kufunga kazi, sebule tupu, nilizipa alama ya "kimya." Bawabu akajifunza haraka mpaka nikajivuna. Nilimpima kwa rekodi nyingine za sebule ileile na hakukosea hata mara moja. Mtu mwenye akili timamu angeshtuka hapo. Mimi nilijinunulia soda.

Sasa, mwalimu aliyesimamia miradi yetu tulimwita Mwalimu Kimya, na hakupewa jina hilo bure. Alikuwa mtu mpole, lakini ukibonyezabonyeza kalamu darasani kwake alisimama na kukutazama mpaka uache. Alikuwa na desturi yake kwenye mtihani wa mradi, na idara nzima iliifuata: mwenye kazi hagusi. Chini, kwenye zulia la chumba cha maonyesho, palibandikwa utepe mwekundu. Mwanafunzi anasimama nyuma ya utepe, mikono mgongoni, na programu yake inaendeshwa na watahini peke yao. Alikuwa akituambia kwamba kila programu ni hodari mikononi mwa mama yake.

Wageni, pamoja na wanafunzi waliosubiri zamu yao, waliruhusiwa kukaa safu ya nyuma, mradi wasiseme neno. Mama mdogo aliapa kwa kila kitu anachokithamini, ikiwemo cherehani yake mpya. Mama alivaa gauni aliloshona kwa ajili ya siku hiyo. Bibi alikuja na suti yake ya ofisini, miwani imening'inia kwa mnyororo shingoni, na begi lake. Begi lenyewe lilikuwa limejaa na zipu imefungwa. Akaliweka miguuni, akakaa wima kama anayesubiri kuitwa kwa mkubwa.

Chumba kile kilikuwa kizuri kwa kila mtu isipokuwa sisi. Zulia nene, mapazia mazito, milango inayojifunga bila sauti. Mwalimu Kimya alikaa mbele ya kipaza sauti, na kando yake mwalimu wa hisabati, mama mmoja mnene mwenye macho ya kucheka. Projekta ikawaka. Nikasimama nyuma ya utepe, mikono mgongoni.

"Habari za asubuhi," Mwalimu Kimya alikiambia kipaza sauti. "Ninaijaribu programu hii."

Skrini ilibaki nyeupe.

Akakisogeza kipaza sauti. "Habari za asubuhi."

Nyeupe vilevile.

"Moja, mbili, tatu," alijaribu mwalimu wa hisabati, kwa sauti nzuri ya darasani. "Nne?"

Hata nukta haikutokea.

"Binti, imewaka hii?"

"Imewaka, Mwalimu."

Niligeuza shingo nikamtazama Bibi, na afadhali nisingemtazama. Alikuwa amevaa miwani na kukodolea skrini. Alipoona haoni kitu, akaivua, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena. Alidhani kosa ni la macho yake. Nilitaka zulia linimeze.

Dakika zikaenda. Chumba kilikuwa kimefungwa kila upande, projekta ikapata joto, na feni yake ikaanza kuvuma kwa nguvu, trrrrrr, kama kitu chenye skrubu iliyolegea. Mwalimu Kimya akaitupia jicho baya, maana hata projekta hakuisamehe. Kisha akamgeukia mwenzake na kuongea taratibu, na maneno yakajitokeza kwenye skrini, makubwa, meusi, hayana kasoro:

NADHANI TUENDELEE NA MWANAFUNZI ANAYEFUATA

Chumba kizima kilisoma. Yeye mwenyewe alisoma, akafumba mdomo. Feni ikapoa, ikanyamaza. Akasema kitu kingine, na skrini haikuandika tena.

Hapo ndipo akili ilinirudia. Nilikumbuka sebule yetu mchana: watu wanaongea, cherehani zinavuma. Sebule yetu baada ya kazi: hakuna watu, hakuna cherehani. Katika rekodi zangu zote, mwanzo mpaka mwisho, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kuongea cherehani zikiwa zimezimwa! Bawabu hakujifunza kabisa sauti ya binadamu. Mjinga yule alijifunza cherehani, na feni ya projekta ilimdanganya kwa mlio wake. Au tuseme mjinga alikuwa mwalimu wake.

"Cherehani!" nilipiga kelele, na mguu wangu ukavuka utepe.

"Nyuma ya mstari, binti."

"Samahani, Mwalimu. Lakini najua kosa liko wapi."

Nikamweleza. Nilieleza kwa pupa, nikichanganya Bawabu na Karani na mama mdogo, lakini Mwalimu Kimya alinisikiliza bila kupepesa.

"Unajua, au unadhani?" aliuliza nilipomaliza.

"Nadhani, Mwalimu. Nikipata cherehani ndipo nitajua."

"Cherehani ninayo!" ilitoka sauti nyuma, na kiapo cha mama mdogo kikaishia hapo. Alikuwa tayari amesimama, simu mkononi. Mama mdogo hutangaza magauni yake mtandaoni kwa video, na katika kila video lazima mashine mpya isikike. Alikuja mbele akitikisa bangili, akaiweka simu mezani, akabonyeza.

Trrrrrrrr.

Mwalimu Kimya alikunja uso kama anayemeza dawa, akasogelea kipaza sauti.

"Habari za asubuhi," alisema.

HABARI ZA ASUBUHI

"Zima."

Mama mdogo akazima. Mwalimu akaongea. Skrini haikusema kitu.

"Washa."

Ikaandika. Zima. Washa. Alirudia tena na tena, na kila mara uso wake ulizidi kuchangamka. Nilikuwa nimesoma kwake miaka yote ile na sikuwahi kujua ana mwanya. Mwalimu wa hisabati naye akadakia, akahesabu mpaka akachoka, na Karani akamfuata namba kwa namba.

"Binti," alisema Mwalimu Kimya hatimaye, "kila mwaka mimi ndiye ninayewaonyesha wanafunzi mahali programu zao zinapovuja. Huu ndio mwaka wa kwanza mtu kunionyesha mwenyewe, tena akiwa nyuma ya mstari, bila kugusa." Akamtazama mwenzake, na mama yule akatikisa kichwa kukubali. "Umefaulu. Lakini huyo Bawabu wako atarudi shule. Utakuja kurekodi humu, kwenye kimya. Nitakusomea mimi mwenyewe kitabu kizima ukitaka."

Mama akapiga kigelegele, kimoja kikubwa, na Mwalimu Kimya akakivumilia. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia na kucheka kwa pamoja, sura ambayo hainipendezi.

Lakini Bibi alikuwa bado amekaa wima kwenye safu ya nyuma, mkono mmoja juu ya begi. Aliona tunashangilia. Alitupitia nyuso, mmoja mmoja, akatabasamu, amechelewa kama kawaida. Alichosoma mpaka wakati huo kilikuwa salamu na namba. Hiyo haikuwa nakala safi.

"Mwalimu," nilisema, "naomba jambo moja zaidi. Programu hii haikutengenezwa kwa salamu. Naomba mama zangu waongee, kama wanavyoongea nyumbani."

"Humu ndani?"

"Humu ndani, Mwalimu."

Alipumua. Kisha akainuka, akaenda nyuma mwenyewe, akamshika Bibi mkono na kumleta kiti cha mbele, mkabala na skrini. Begi lilikuja naye. Mama na mama mdogo wakasogea kwenye kipaza sauti, simu ikavumisha cherehani, na mara ya kwanza maishani mwao hawakuwa na la kusema.

"Tuseme nini?" alisema Mama.

TUSEME NINI

"Sema chochote, dada, si ndiyo kazi yako..."

"Kazi yangu? Nani alianza kupiga kelele mbele za watu?"

"Ningenyamaza mtoto angefeli!"

Na moto ukawaka. Maneno yalipanda kwenye skrini mstari juu ya mstari, ya Mama kwa rangi moja na ya mama mdogo kwa nyingine, yakikatana kama yanavyokatana sebuleni. Nyuma ya ule mvumo wa cherehani wengi chumbani hawakuwa wakisikia vizuri wanachosema mama zangu, wala hawakuwa wakisoma. Walikuwa wanawatazama wale wawili, namna walivyokuwa wakirusha mikono. Mama mdogo, kwa kujiamini, akamwinamia Mama sikioni. Akasema kwa kile anachokiita yeye mnong'ono. Sisi hatukusikia kitu. Kipaza sauti kilikuwa chini ya kidevu chake.

Bibi akacheka.

Halikuwa lile tabasamu la kuchelewa. Kilikuwa kicheko chake cha zamani, cha kutoka tumboni, kilichokuwa kikisimamisha ofisi nzima. Alishika mbavu, akapiga paja, miwani ikamdondoka ikaning'inia kwenye mnyororo. Mama na mama mdogo wakanyamaza. Mwalimu Kimya akazima simu. Na sisi sote, watahini na wanafunzi na ndugu, tukageuka kumtazama Bibi usoni ili tujue kuna nini cha kuchekesha.

Hakuweza kusema. Alinyoosha kidole tu kuelekea kwenye skrini, nasi tukasoma.

HUYU NDIYE ANAYEMNYIMA MTOTO USINGIZI. MBONA MPOLE HIVI. NA SHATI KAFUNGA VIFUNGO UPANDE

Mwalimu Kimya alisoma mpaka mwisho. Akainamisha kichwa, akakagua shati lake, akakuta ni kweli. Alicheka kwa sauti, chumbani kwake mwenyewe, mpaka akalazimika kushika meza, na hapo chumba kizima kikalipuka. Mama mdogo alijificha nyuma ya Mama.

Bibi alifuta machozi, akavaa miwani yake, akanisukumia lile begi kwa mguu.

"Profesa," alisema, macho bado yako kwenye skrini, "peleka nyumbani. Na waambie hao waendelee, nilikuwa nasoma."