Alhamisi Ilikuwa Jikoni

Itangazwe kwa wote wenye masikio, wenye simu na wenye nywila: siku ya Jumatatu, saa nne na robo asubuhi, zama mpya za kasi ziliingia rasmi katika nyumba namba kumi na mbili, ghorofa ya tatu. Ziliingia zimechelewa, kwa kuwa fundi aliyezibeba begani alipanda kwanza jengo la jirani, akamfungia intaneti mzee mmoja asiye na simu, akanywa chai ya mzee huyo, akashuka, akaanza upya.

Nyumba namba kumi na mbili ilikuwa na watu wanne. Baba alikuwa fundi wa majokofu. Mama aliuza katika duka la dawa. Bibi, mama yake Baba, alikuwa na kiti chake na maoni yake. Wa nne alikuwa binti wa nyumba, ambaye jengo zima lilimwita Mhandisi, nusu kwa heshima na nusu kwa kejeli. Alikuwa amesomea mitandao ya kompyuta na kuwa wa kwanza darasani, na kwa miaka mitatu tangu ahitimu kazi yake kubwa ilikuwa kuwatafutia majirani nywila walizosahau.

Mtaa huo uligombewa na kampuni mbili za intaneti, Mshale na Kimondo, zilizopendana kama paka wawili ndani ya gunia moja. Mshale ikipandisha kasi bure asubuhi, Kimondo iliipandisha zaidi kabla ya chakula cha mchana. Wauzaji wao walipishana ngazini bila kusalimiana. Baba alijiunga na Mshale kwa sababu kijana wao alimwita "mkurugenzi". Mama alijiunga na Kimondo kwa sababu binti wao alimuuliza kama yeye ni dada yake Mhandisi. Hakuna kati yao aliyekubali kujitoa. Kisanduku cha Mshale kikakaa sebuleni juu ya kabati la vyombo, cha Kimondo kikakaa chumbani mwa wazazi, na familia ikawa na intaneti mbili na bafu moja.

"Hii ni ndoa ya mitala," alisema Bibi. "Tofauti ni kwamba wake wenza hawa wana taa za kijani."

Jumatano ya wiki ya pili Mshale walituma ujumbe: "Mteja mpendwa, tumekuongezea kasi maradufu. Furahia!" Saa hiyohiyo sebule ikaingia Alhamisi. Baada ya saa mbili Kimondo wakajibu mapigo, na chumba cha wazazi kikaingia Ijumaa. Jikoni na koridoni hapakubadilika kitu. Ukuta wa huko ulikuwa mnene, mawimbi hayakuweza kupenya, kwa hiyo palibaki leo.

Walizoea upesi, kama watu wanavyozoea mlango unaogoma kufunga. Mkate haukuingizwa sebuleni isipokuwa wa kuliwa papo hapo, maana ulifika ukiwa umelala siku moja. Baba aliangalia matokeo ya mpira sebuleni, kisha akarudi jikoni kuisikiliza mechi yenyewe redioni, na bado alimtukana mwamuzi. Mama alimnunia Baba asubuhi nzima kwa neno ambalo alikuwa hajalisema. Baba aliomba msamaha, akasubiri jioni ifike, akalisema, mambo yakaisha. Bibi alikuwa na sindano ya kliniki kila Ijumaa. Ijumaa ikifika, alihamia chumbani kwenye Jumapili na kudai kwamba tarehe imepita.

"Bibi, sindano haikwepwi hivyo," Mhandisi alimwambia.

"Mimi sijakwepa, mjukuu wangu. Nimewahi kupita."

Katikati ya mambo hayo Mshale walitangaza nafasi moja ya fundi wa mtandao. Tangazo lilitaka cheti, ujuzi wa nyaya, lugha nzuri kwa wateja, na umri usiozidi miaka ishirini na sita. Mhandisi alikuwa na cheti, nyaya na lugha. Miaka ishirini na saba angeitimiza mwezi uliofuata. Mlango huo, basi, ulikuwa wa mwisho, na ulikuwa unafungwa mbele ya macho yake. Alituma maombi, akaitwa kwenye usaili kwa njia ya video, Alhamisi saa nne kamili asubuhi. Mama alilia kidogo. Baba alisema hajashangaa, kisha akaenda kulitangaza jambo hilo kwa kila jokofu alilolitengeneza wiki hiyo.

Alhamisi ilipofika, tatizo lilionekana. Sebuleni palikuwa Ijumaa. Chumbani palikuwa Jumamosi. Alhamisi yenyewe ilikuwa jikoni, pamoja na masufuria, mahali pasipo na intaneti hata ya kutumia salamu.

Baba alipendekeza ahudhurie kutoka Ijumaa na kuomba radhi kwa kuchelewa. Mama alipendekeza wapige simu waulize kama Jumamosi inawafaa. Mhandisi hakubishana nao. Alichukua kebo ya mita kumi na tano, akaifunga vichwa mwenyewe pande zote mbili, akachomeka kichwa kimoja kwenye kisanduku cha Mshale sebuleni, akaipitisha chini ya mlango, akailaza koridoni, akaiingiza jikoni. Akaweka kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaketi kwenye kigoda, akafunga vifungo vya shati hadi juu. Intaneti ya Ijumaa ikawa inatiririka kwenda Alhamisi bila kumwaga tone. Hata chuoni kwao hakuna aliyewahi kufundishwa hivyo.

Saa tatu na dakika arobaini, barua pepe iliingia.

"Tunakushukuru kwa kushiriki usaili wetu wa jana," ilisema. "Ulitufurahisha sana. Hata hivyo, tunasikitika kukujulisha kwamba nafasi imepata mwenyewe."

Mama alichungulia begani kwake. "Imetoka Ijumaa hii. Hawakuchelewesha jibu, lazima tuwasifu."

"Mama, wamenikataa."

"Naona, mwanangu. Lakini kwa adabu."

Mhandisi alishuka hadi mwisho wa barua, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kusoma vitu mpaka chini. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mchwa, paliandikwa tarehe barua ilipotayarishwa. Ilikuwa imetayarishwa wiki tatu kabla, siku sita kabla ya tangazo la kazi kutoka. Ukurasa wa pili ulikuwa nakala iliyobandikwa kwa bahati mbaya: fomu ya vipimo vya sare ya fundi mpya. Kifua inchi thelathini na nne. Mdhamini: mwenyekiti wa jopo la usaili. Uhusiano: mjomba.

"Kumbe Mshale wana kasi kuliko wanavyojitangaza," alisema Mhandisi.

Bibi aliingia na birika. "Sasa unahudhuria au huhudhurii? Kama huhudhurii, nipishe jiko nichemshe maji."

"Nahudhuria, Bibi. Wameshanishukuru. Nisipoenda nitakuwa nimekula shukrani za watu bure."

Saa nne kamili nyuso tatu zilitokea kwenye kioo. Katikati alikuwa mwenyekiti, bwana wa tai pana na shingo pana zaidi. Kulia kwake alikuwa afisa utumishi, mama mwenye miwani mbili, moja puani na moja kichwani. Kushoto alikuwa mhandisi mkuu, aliyekuwa akila karanga akidhani haonekani.

"Karibu, binti," alisema mwenyekiti. "Tueleze kwa ufupi kuhusu wewe."

"Shikamooni. Kabla sijaeleza, niseme tu kwamba barua yenu ya kunikataa nimeipata. Nashukuru."

Mwenyekiti aligeuza karatasi. "Barua hiyo inatoka kesho."

"Ndiyo, mzee. Sebule yetu iko Ijumaa."

"Ahaa! Una kifurushi chetu kikubwa!" Uso wake ulichangamka. "Na unakionaje?"

"Kina kasi sana."

"Andika hiyo," mwenyekiti alimwambia afisa utumishi, naye akaandika, akaweka alama ya vema. "Wale wa Kimondo wanawafikisha wapi wateja wao?"

"Jumamosi, mzee."

Mhandisi mkuu aliacha kutafuna. Kisha mwenyekiti akasema utaratibu ni utaratibu, na usaili uendelee.

Walimuuliza maswali matatu. La kwanza lilikuwa kuhusu kupima nguvu ya mawimbi ndani ya nyumba. La pili lilisema hivi: "Mteja analalamika kuwa intaneti yake inakatika kila mvua inaponyesha, na jirani yake wa ukuta kwa ukuta hana shida yoyote, utaanza kukagua wapi, na kwa nini si kwenye kisanduku?" La tatu lilikuwa kuhusu mteja mkali. Mhandisi alijibu yote matatu. La pili alilijibu vizuri kiasi kwamba mhandisi mkuu alisahau karanga, akaomba arudie polepole, akaandika. Inasemekana intaneti ya ofisi yake mwenyewe ilikuwa ikikatika kila mvua inaponyesha.

"Una swali kwetu?" aliuliza mwenyekiti.

"Moja tu, mzee. Huyo aliyepata anajua haya?"

Afisa utumishi alivua miwani ya puani, akavaa ya kichwani, akaangalia pembeni.

"Atajifunza," alisema mwenyekiti. "Bado kijana. Asante, binti, ulitufurahisha sana."

Mhandisi alizima kompyuta, akamrudishia Bibi jiko lake. Baba alisimama mlangoni na kitambaa cha mafuta mkononi.

"Umewaweza?"

"Nimewaweza, Baba."

"Na kazi?"

"Haipo."

Baba alikunja kitambaa mara nne, akakikunjua. Akaenda sebuleni, kwenye Ijumaa, akakaa humo peke yake mpaka ikawa Jumamosi. Mama alimwambia Mhandisi ale. Mhandisi akala.

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa ya watu wote, na barua iliingia tena, safari hii kwa wakati wake. Haikubadilika hata nukta. Mhandisi aliandika malalamiko ya ukurasa mmoja, akataja tarehe, akaambatisha ile fomu ya sare. Mshale walijibu baada ya dakika nne. Walisema wanathamini maoni yake, na kwamba kwa kutambua usumbufu, pia kwa kuzingatia taarifa alizowapa kuhusu mshindani wao, nyumba yake itaongezewa kasi bure. Fundi angefika Jumatatu.

Fundi alifika. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, ametoka shule ya bweni juzijuzi, shati limepigwa pasi upande wa mbele tu. Alishika bisibisi kama mtu anayetaka kukoroga chai. Alifungua kisanduku cha Mshale, akakitazama ndani kwa heshima kama anayetazama maiti, akakifunga. Akakifungua tena.

"Umepoteza kitu humo, mwanangu?" Bibi aliuliza.

"Hapana, Bibi. Nahakikisha tu."

Mhandisi alimhurumia, akakaa naye sakafuni, akachukua koleo na kuanza kumenya waya. Kazi ikiendelea, akamsimulia yote: jikoni, ndoo, miwani mbili, karanga. Kijana alicheka panapostahili. Mhandisi akafika kwenye maswali.

"La pili ndilo lilikuwa tamu," alisema. "Wakasema, mteja analalamika kuwa intaneti yake inakatika kila..."

"...kila mvua inaponyesha, na jirani yake wa ukuta kwa ukuta hana shida yoyote. Utaanza kukagua wapi, na kwa nini si kwenye kisanduku?" alimalizia fundi.

Koleo lilitulia. Bibi aliweka kikombe chini.

"Kijana," alisema Bibi, "kifua chako ni inchi ngapi?"

Msimulizi wa habari hii alikuwa amepanga kuondoka hapa kimyakimya, akiacha maneno mawili matatu mazito kuhusu haki na maendeleo ya teknolojia. Haikuwezekana, maana Bibi alikuwa amekaa karibu na mlango.

Ni thelathini na nne. Fundi yule ni mimi. Mwenyekiti ni mjomba wangu, kaka wa mama yangu. Maswali alinipa mapema, yameandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Niliyakariri kama nilivyokariri kila kitu shuleni, maswali yote na majibu hakuna. Nilikiri hayo palepale, sebuleni kwao, kwenye siku ambayo kwangu ilikuwa bado haijafika. Niliongeza kwamba nasikitika, na nilisikitika kweli.

Mhandisi alirudi kwenye waya aliokuwa akiumenya. Hakupaza sauti.

"Shika tochi," alisema.

Nikashika tochi. Alimaliza kazi kwa dakika kumi na moja, na sebule ikaingia Jumatano ya wiki iliyofuata bila hata kikombe kutikisika. Kisha nikatoa fomu ya kampuni, nikatafuta mstari unaosema "fundi aliyefanya kazi", nikatia sahihi yangu.