Maikrofoni Haijaitikia

"Kidole kimoja, Kibwana. Bonyeza, kisha achia."

Kibwana alibonyeza, hakuachia. Herufi K zikatiririka kwenye kioo cha kompyuta kama siafu waliovurugiwa shimo, mstari baada ya mstari, na darasa zima la tatu likaangua kicheko.

"Umeandika ukoo mzima!" Yakobo alimtania.

Sabra, mwalimu wao wa majaribio, alicheka nao, lakini jicho lake lilikimbilia nyuma ya darasa, alikokaa Mkufunzi Stephano, magoti yamembana kwenye dawati la watoto, kalamu mkononi. Mkufunzi alikuwa ametoka chuo cha jioni mjini, alikosoma Sabra, akapanda mlimani kwa pikipiki kupitia Mzumbe na kompyuta ya chuo mgongoni, kuja kumpima. Hili lilikuwa somo la mwisho la majaribio la Sabra. Akifaulu, mwalimu mkuu alishamwahidi darasa hili na chumba kilichopo nyuma ya shule. Asipofaulu, angerudi Ngerengere kwa kaka yake, nyumba ambayo amekuwa mgeni ndani yake tangu mumewe, Hashimu, alipofariki. Asubuhi ile, kwenye mswala, aliomba jambo moja tu: Ya Rabi, nibakishe hapa.

Ubaoni alikuwa ameandika kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza ukubwani, kila herufi imekaa peke yake: *Vifaa vya kuingizia taarifa hupokea. Havijibu.*

Kibodi ilipita salama. Kipanya kikapita, ingawa walikigombania. Mbele ya kamera Yakobo alitoa ulimi, akajiona kwenye kioo, akaurudisha haraka. Ikabaki maikrofoni.

"Pili, njoo. Zungumza, yenyewe itapokea sauti yako."

Pili alikuwa mtoto wa maneno machache, aliyeishi na bibi yake ng'ambo ya bonde. Alisogea mbele, akaunganisha miguu, akakunja mikono kifuani, akakiinamia kile kifaa cheusi kisichozidi kidole.

"Shikamoo."

Kisha akangoja. Darasa nalo likangoja.

"Endelea, Pili. Taja jina lako."

Pili alitikisa kichwa. "Hajaitikia, Mwalimu."

"Labda kalala," mmoja akasema.

"Labda ni mdogo kwako," alidakia Kibwana. "Yeye ndiye akuamkie."

"Mdogo gani anajua kuandika kuliko wewe?"

Walicheka tena, mpaka Yakobo aliposema, "Bibi yangu anasema mtu mzima asipoitikia shikamoo yako, ana kinyongo na wewe."

Kicheko kikakatika. Pili alimgeukia mwalimu wake.

"Nimemkosea nini?"

Jibu lilikuwa ubaoni. Sabra alihitaji kulisoma tu. Nyuma ya darasa Stephano aliacha kuandika, akainua uso. Lakini Sabra alikuwa akimwangalia yule mtoto aliyesimama mbele ya kitu kilichonyamaza, mikono ingali kifuani, akijipekua moyoni kosa ambalo hakulitenda. Alikujua kusimama kule. Kwa kaka yake alikuwa akiingia sebuleni na salamu yake, na watu wakaendelea kutazama televisheni.

"Marahaba, mwanangu," alisema, akiwa nyuma ya kompyuta. "Hujambo?"

Mabega ya Pili yakashuka. "Sijambo. Naitwa Pili. Mbuzi wetu kazaa. Bibi anaumwa goti lakini jana kaenda kuvuna njegere, nikamwambia bibi pumzika, akasema nikipumzika nani atavuna, wewe?"

Hakunyamaza mpaka wenzake walipoanza kumsukuma. Wote wakapanga foleni. Wote wakaamkia, na Sabra akawaitikia mmoja mmoja.

Barazani, Stephano aliongea kwa sauti ya chini. Kwa umri alikuwa sawa na mdogo wa mwisho wa Sabra.

"Mama, somo lilikuwa zuri mpaka pale. Pale umewafundisha kosa. Umeandika havijibu, halafu ukakifanya kijibu."

"Ni kweli, Mkufunzi."

"Kwa nini hukuwaeleza tu?"

"Alikuwa anangoja."

Stephano aliitazama kalamu yake. "Mimi nimekuelewa. Lakini siwezi kukupitisha. Utarudia muhula ujao, na itakuwa shule nyingine, labda huko Dumila. Hapa mwalimu mkuu hataweza kungoja."

"Naomba niwasahihishe kabla hujaondoka na kompyuta."

Alirudi darasani. "Watoto, sikilizeni. Maikrofoni haiitikii mtu. Aliyeitikia ni mimi."

Walimtazama kwa mshangao.

"Tunajua, Mwalimu," alisema Pili. "Tulikuona mdomo."

"Sasa mbona mliendelea?"

Pili alionekana kutoelewa swali. "Si uliitikia?"

Siku hiyo Sabra alikaa kwenye mswala muda mrefu baada ya adhuhuri, bila kuomba kitu.

Asubuhi ya kuondoka, ukungu ulikuwa umeushika mlima wote. Alishuka na begi kichwani, akiitafuta njia kwa miguu, kati ya matuta ya kabichi ambayo hakuyaona. Pikipiki isingeweza kupanda mpaka utelezi ukauke.

"Shikamoo, Mwalimu!"

Sauti ilitoka juu yake, mahali fulani kwenye weupe.

"Marahaba!" alijibu, akigeuka. Hakuona mtu.

"Shikamoo!" Nyingine, kushoto. Kisha nyingine, ya mbali zaidi, ikifuatwa na mlio wa jembe. Huenda ilikuwa ya mtoto, huenda ya mtu mzima aliyewasikia watoto. Aliitikia kila moja kwa nguvu, akigeuza uso upande ilikotoka.

Chini ya kona ya mto, ilikuja moja nyembamba sana, iliyochanganyika na maji.

"Marahaba!" Sabra alipaza sauti. "Marahaba, mwanangu!"

Ukungu uliipokea sauti yake. Alishusha begi, akasimama pale pale njiani, akisikiliza kama imefika.