Kipepeo wa Picha Mbili

Mama alipovunjika nyonga aligoma kutoka chumbani. Daktari alisema mfupa umeunga, na asiposimama sasa hatasimama tena. Mama akageukia ukutani, mkongojo mpya ukabaki nyuma ya mlango. Basi nikaapa: kama hataki kwenda bustanini kwake, bustani itamfuata kitandani kwa picha, na vipepeo wake, apende asipende.

Kazi yangu ni kupiga picha za pasipoti. Watu wangu hukaa kitini wakatulia. Kipepeo hana adabu hiyo. Nilipiga magoti kwenye maua ya Mama, kamera nusura iguse ua, pumzi nimeibana, na bado mwili uliyumba. Macho ya kipepeo yakitoka safi, mabawa ni ukungu. Mabawa yakitoka safi, mwenyewe keshajiendea. Kaka yangu akapita akicheka.

"Mwambie akae wima, atazame mbele."

"Kapige pasi nguo zako."

Ile moja iliyotoka vizuri nilimpelekea Mama. Akaitupia jicho.

"Huyu yuko bapa, kama kabanwa kwenye kitabu, mwanangu. Wangu hukaa juu ya ua."

Iliniuma. Lakini ubishi nimeurithi kwake. Kesho yake nilirudi, nikaganda na kidole kwenye kitufe, kamera ikafyatua mfululizo huku nikipepesuka.

Studioni nikachapa kwa mazoea, kama sura za wateja: mbili mbili, ubavu kwa ubavu. Kwa haraka nikaweka picha mbili zilizofuatana badala ya moja mara mbili. Nilikuja kuligundua kosa karatasi ikiwa tayari mkononi mwa Mama.

"Lete, nimekosea."

"Niache."

Hakuwa na miwani. Karatasi ilikuwa karibu na pua, na usingizi wa mchana ulishamlegeza macho. Kumbe kati ya picha ile na hii nilikuwa nimeyumba kidogo tu, na kila jicho la Mama likachukua picha moja, kama macho mawili yanavyotazama kitu kimoja kutoka pembe mbili.

"Zimekuwa moja," akasema polepole. "Kajitokeza. Ua liko nyuma yake."

Akanyoosha vidole mbele ya karatasi, taratibu, asije akamshtua. Nilitaka kulia. Kisha akakunja uso.

"Na kule nyuma zaidi ni magugu?"

Nikanyoosha mkono kuichukua karatasi; hakuiachia.

"Bustani yangu imeota magugu, nyinyi mnapiga picha? Nipe huo mkongojo."

Nikampa kabla hajabadili nia. Alinishika bega, akasimama, akanigombeza hatua kwa hatua mpaka mlangoni. Sijawahi kufurahia kugombezwa kama siku ile.