Mizani Ina Magurudumu, Mung'unye Lina Mizizi

Haya aliniambia dada yangu mkubwa, mwaka jana, siku zile tatu nilizokaa kwake tukipukuchua mahindi. Yeye alikuwepo. Kama nimetia chumvi, basi ni ile aliyoitia yeye kwanza.

Mama mkwe wake watu walimwita Bibi Uzi. Alikuwa akilima mamung'unye, si haya madogo ya kupika. Yake yalikuwa makubwa hata mtoto wa miaka mitano anaweza kujificha nyuma ya moja usimwone. Mbegu aliipata kwa mama mkwe wake, na huyo kwa mama mkwe wake, mpaka huko nyuma ambako hakuna anayekumbuka jina. Haikuwahi kupewa mtoto wa kuzaa. Ilikwenda kwa mke wa mwana.

"Binti ataolewa aondoke nayo," alisema Bibi Uzi, "na mwanamume ataikaanga aitafune."

Jina la Uzi lilitokana na maua. Ua la mung'unye ni jeupe, hufunguka jioni, na wadudu hawana adabu, wanatoka kwa mamung'unye ya jirani wanaingia kwako bila hodi. Kwa hiyo alasiri, kabla ua jike halijafunguka, bibi alilifunga mdomo kwa uzi mwekundu. Jioni alilifungua, akalipaka unga wa ua dume la mmea uleule, akalifunga tena. Ndiyo maana mbegu ile haikuchanganyika.

Basi. Mwaka mmoja bibi akaugua, akalazwa hospitali wiki tatu. Mwanawe, yaani shemeji yangu, fundi baiskeli, akaona mung'unye limenona na siku ya maonyesho ya mazao imefika. Akalikata. Likashinda! Akaja na kikombe kinang'aa, akakiweka juu ya kabati la vyombo. Bibi aliporudi akalipasua lile mung'unye. Mbegu zote pepe, nyembamba kama kucha za mtoto mchanga. Mung'unye likikatwa bichi huwa zito, lakini mbegu ndani hazijajaa. Hilo fundi hakulijua. Angelijuaje, na mwana hafundishwi?

Zilibaki mbegu nne za zamani kwenye kopo la majani ya chai. Msimu uliofuata bibi akazipanda zote. Ikaota moja. Ule mmea ukatunga matatu, mawili yakaliwa na funza. Likabaki moja, na ndani yake ndimo ilimokuwa mbegu yote ya ukoo.

Na mwaka huohuo mwenyekiti wa maonyesho akaiwahisha siku kwa wiki tatu, eti mgeni rasmi ana safari.

Asubuhi ya maonyesho fundi akaja bustanini na mkokoteni wenye nyasi, na msumeno juu yake. Akamkuta mama yake ameketi kwenye kigoda kando ya mung'unye. Amefunga uzi mwekundu kwenye kikonyo, na ncha ya pili mkononi mwake.

"Mama, tunachelewa."

"Nenda. Nani kakushika?"

"Nimelifuata mung'unye."

"Tazama hapa." Akamwonyesha ule ujikamba mwembamba unaojisokota karibu na kikonyo. "Rangi gani?"

"Kijani."

"Ukiwa kahawia nitalikata mwenyewe. Leo ni kijani."

"Mama, nimeshaahidi watu! Tumewekewa meza ya mbele. Kikombe ni chetu mara ya pili!"

"Cha mwaka jana si unacho? Kakipande, tuone kama kitaota."

Fundi akapaza sauti kuelekea jikoni. "Mama watoto! Hebu njoo uzungumze na mkweo!"

Dada akatoka, mikono ina majivu. "Nikatazama, huku mume, huku mkwe," aliniambia, "na hapo katikati mbegu ambayo kesho ni yangu." Akauchukua msumeno mkokotenini. Fundi akanyoosha mkono akidhani anapewa. Dada akampita, akaketi chini kando ya mama mkwe wake, na ule msumeno akaukalia.

"Yale meno yalinichoma, mdogo wangu! Lakini sikunyanyuka."

Fundi akaondoka na mkokoteni mtupu. Haukupita muda akaja mwenyekiti mwenyewe, koti limebana, utepe kifuani, na nyuma yake watu waliokuja kuona kinachokawiza.

"Bibi," akasema, "shindano halimfuati mtu nyumbani kwake."

"Sikulialika."

"Wenzako wote wameleta. Wewe una nini cha kukuzuia?"

"Mizani yenu ina magurudumu," akasema Bibi Uzi. "Mung'unye langu lina mizizi. Haya, mwenye akili aniambie, nani amfuate mwenzake?"

Watu wakaangua kicheko pale uani. Kati yao alikuwamo mpima mizani, mtu mkimya ambaye miaka yote hujasikia neno kinywani mwake ila kilo. Akakohoa.

"Si mbali, mwenyekiti," akasema, akaenda zake.

Punde wakaisikia mizani inakuja ikilia kwi, kwi, kwi. Njiani gurudumu moja likang'oka. Fundi alikuwa amekaa palepale kwenye mkokoteni wake, amenuna. Angeweza kuliacha barabarani, na ubishi ungeishia hapo. Lakini fundi ni fundi, hawezi kuliona gurudumu limelala akalipita. Akatoa spana mfukoni, akalifunga, kisha akajikuta anasukuma na yeye.

Mung'unye likanyanyuliwa na watu sita, gunia chini yake. Dada akaushika mmea usijikunje, kwa uangalifu wa mkunga aliyeshika kitovu. Bibi akasogea nalo hatua kwa hatua, uzi mkononi. Mpima akasukuma jiwe la mizani, akalirudisha, akalisukuma tena.

"Sitini na moja," akasema.

"Siandiki!" akasema mwenyekiti. "Lisilokatwa si mazao."

"Usiandike," akasema bibi. "Mwenye macho ameona."

Kikombe akapewa mshindani mwingine, fundi cherehani, kwa mung'unye la kilo arobaini na tatu lililokatwa bichi. Bibi aliposikia akasema, "Mpeni hongera ya kikombe, na pole ya mbegu."

Siku ya ishirini na mbili ule ujikamba ukawa kahawia, na bibi akalikata. Likawekwa sebuleni juu ya mataili mawili ya baiskeli, likauke. Mwezi wa kwanza kimya. Wa pili kimya. Kila akipita, fundi aligonga gamba kwa kidole, na mama yake akimtazama tu. Mwezi wa nne, asubuhi moja, fundi akalisogeza ili dada afagie, akaganda pale alipo. Akalitikisa taratibu.

"Mama! Linaongea!"

Ndani mbegu zilikuwa zinagonga, cheke cheke cheke.

Wakalifungua kwa msumeno uleule. Mbegu zilikuwa ngumu, za kahawia. Bibi akamwaga konzi moja kwenye beseni la maji, maana pepe huelea. Zikazama. Akamwaga nyingine. Zikazama. Hapo ndipo dada alipomwona mkwewe akijifuta macho.

Habari haina miguu lakini inatembea. Jioni ileile mwenyekiti akamtuma mpima mizani aombe mbegu chache. Bibi akampa mpima mbili za kwake, kwa kuwa alisukuma. Kisha akakata kipande cha uzi mwekundu.

"Hiki mpelekee mwenyekiti. Aanze na kufunga maua."

Baada ya kula akalijaza kopo la chai, akamkabidhi dada. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Na wewe, kesho alasiri unakuja bustanini. Nakufundisha."

"Mimi? Si ulisema mwanamume ataikaanga?"

"Nilisema. Na asiyejua amenila kuliko funza. Utajifunza."

Watoto wakalala. Fundi akalala. Dada akalala, kopo kando ya kichwa. Bibi Uzi akabaki na mbegu zilizozidi kopo. Akatazama huku na huku, akakishusha kile kikombe kabatini, akazitia humo, akakifunika kitambaa na kukizungushia uzi mwekundu. Akakirudisha mahali pake, maandishi yake ya ushindi yakitazama ukuta. Akazima taa, akalala.